Uzi: Tiger Moth ya mafunzo, skeli 1/48. Naigeuza kutoka ya Uingereza iwe ya Kanada, hapa hapa Mwanza

Jiwe_Kirumba (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kwa wanaopenda kazi za mikono, nafungua uzi wa ndege iliyoko mezani kwangu. Ni de Havilland Tiger Moth, ile ya mabawa ya juu na chini iliyofundishia marubani wengi wa vita ya pili ya dunia. Iliruka mara ya kwanza Oktoba 1931, injini silinda 4 zimepinduliwa kichwa chini. Boksi ni la Airfix, kampuni ya ndege za plastiki za kuunganisha, skeli 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ya kweli. Ndege halisi ina mita 8.94 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine, kwa hiyo hii yangu inatoka na sentimita 18 na ushee.

Ila siijengi kama boksi linavyotaka. Ndani ya boksi kuna ndege ya Uingereza: vyumba viwili viko wazi juu, rubani upepo wote wa uso ni wake, breki hamna, na nyuma inaburuza kigongo badala ya gurudumu. Mimi naigeuza iwe DH.82C, iliyotengenezwa kiwanda cha de Havilland cha Kanada, Downsview, Toronto.

Kwa nini hiyo? Kwa sababu kila kilichobadilishwa kule kina sababu yake, na ukibadilisha kimoja kinakulazimisha ubadilishe cha pili. Desemba 1939 nchi za Jumuiya ya Madola zilisaini mpango wa kufundishia marubani Kanada, na mpaka vita inaisha walishahitimu zaidi ya 130,000: marubani, waongoza njia, wadondosha mabomu, washika bunduki. Mafunzo hayasimami kwa sababu theluji imeanguka. Kwa hiyo ndege ikafunikwa kioo na kuwekewa joto ndani. Ikawekewa breki. Sasa ndege nyepesi yenye injini puani ukiikanyagia breki, mkia unanyanyuka na pua inalima ardhi, basi miguu ya mbele ikasogezwa mbele zaidi. Na kile kigongo cha mkia, ambacho kule Uingereza kwenye viwanja vya majani ndicho kilikuwa kinasaidia kupunguza mwendo, kazi yake ikaisha, likaja gurudumu. Baridi na breki tu, tazama vilivyofuata.

Mimi huku jasho linanitoka kwenye fulana natengeneza ndege ya kukwepa baridi. Kila mtu na starehe yake.

Kambare_Mweusi

Nimevuta kigoda. Ila uzi bila picha ni hadithi za kijiweni mkuu.

Jiwe_Kirumba

Picha zitakuja kifuniko cha kioo kikikaa. Kwa sasa ungeona maiti ya plastiki iliyopasuliwa tu.

Nshomile_BK

Mleta uzi, hongera, lakini nina swali la msingi. Kwa nini uende kuhangaika na Kanada wakati Tiger Moth za mafunzo zilikuwa hapa hapa Afrika? Rhodesia ya Kusini walikuwa na mpango wao, Rhodesian Air Training Group. Shule ya kwanza ilifunguliwa Belvedere, Salisbury, ambayo leo ni Harare, tarehe 24 Mei 1940. Hali ya hewa nzuri, anga kubwa, na hakuna adui wa kukudungua ukiwa unajifunza kutua. Tiger Moth za kule zilikuwa wazi juu kama boksi lako linavyotaka. Ungeijenga bila kukata kitu ukamaliza.

Na hapa jirani zaidi: Roald Dahl, aliyekuja kuwa mwandishi maarufu wa vitabu vya watoto, vita inaanza 1939 alikuwa mfanyakazi wa Shell pale Dar es Salaam. Akaendesha gari mpaka Nairobi kujiandikisha, akafundishwa kuruka kwa Tiger Moth kabla ya kupelekwa Habbaniya, Iraq. Hiyo ndiyo ndege ya kujenga.

Jiwe_Kirumba

Nshomile, hoja zako zote nzuri na umejijibu mwenyewe: "ungeijenga bila kukata kitu". Mimi nataka kukata. Kuunganisha vipande kwa kufuata karatasi nimeshafanya sana, na ukimaliza unajua vipande vya boksi tu, ndege yenyewe huijui. Nilipoanza kutafuta miguu ya mbele inapaswa kukaa wapi ndipo nikaelewa uzito wa hii kitu uko wapi.

Halafu Dahl alikuwa na urefu unaokaribia mita 2. Kwenye hii ya Kanada kichwa kingegonga kioo kabla hajafunga mkanda.

Nshomile_BK

Hapo umenipata.

Ja_Nam_Ksm

Wazee wa Mwanza, salamu kutoka Kisumu. Nimepitia nikaona ndege nikasimama. Huku kwetu Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza, walikuwa wanatua na ndege za maji kabla ya vita. Mbona usiiwekee maboya ya kutulia ziwani? Inafaa mandhari.

Nshomile_BK

Jirani, na Mwanza ilikuwa kwenye ramani hiyo. Tarehe 28 Februari 1931 Imperial Airways walianzisha safari ya kila wiki kutoka London, na mwisho wa njia ulikuwa hapa Mwanza. Mwaka uliofuata ndipo njia ikasogezwa mpaka Cape Town. Watu wanapita kando ya ziwa kila siku hawajui.

Jiwe_Kirumba

Ja_Nam, wazo lako si geni. Tiger Moth ina ndugu yake anaitwa Queen Bee, mabawa ya Tiger Moth na mwili wa mbao, na baadhi zilikuwa na maboya. Ila hiyo haikuwa ya kufundishia urubani kwa sababu haikuwa na rubani: iliongozwa kwa redio ili wapiga mizinga wafanye mazoezi ya kuilenga. Ndege isiyo na rubani, miaka ya thelathini hiyo! Nimeiweka kwenye foleni.

Turudi kwenye kazi. Leo ni mwili na kifuniko.

Mwili nimeunganisha nusu mbili baada ya kupaka ndani na kuweka viti. Kumbuka mwanafunzi anakaa nyuma, mwalimu mbele. Wakiruka wawili au mmoja, kiti cha nyuma lazima kiwe na mtu, ukiruka peke yako unakaa nyuma, maana kiti cha mbele kipo karibu na mahali ndege inapopata uwiano na kikiwa kitupu haiyumbi. Mwalimu na mwanafunzi walizungumza kwa mrija, mwalimu anapaza sauti kwenye mdomo wa mrija na mwanafunzi anasikia kwenye kofia. Mrija huo nimeutengeneza kwa waya mwembamba wa ndani ya chaja mbovu. Hautaonekana sana chini ya kioo lakini mimi najua upo.

Kwenye boksi kuna vioo viwili vidogo vya mbele, kimoja kila chumba. Vyote nimeviacha. Nimepanua kingo za vyumba kwa wembe kidogo kidogo, kisha nikachonga kalibu ya kifuniko kipya.

Fundi_Rangi_Igogo

Bosi wangu kalibu umechonga kwa mti gani? Kuna ule mti mwepesi unaoota kwenye matope pembeni ya ziwa, wavuvi wanakata vipande wanafanya maboya ya nyavu. Unakatika kwa kisu cha jikoni.

Jiwe_Kirumba

Fundi, nimeujaribu. Unachongeka vizuri mno lakini ni laini, ukiusugua unaacha vinyweleo, na joto likikandamiza plastiki juu yake kila kinyweleo kinajichora kwenye kioo. Nimeishia kwenye kipande cha mninga nilichookota kwa seremala.

Nieleze vizuri kwa sababu najua mtauliza. Kalibu inachongwa iwe ndogo kidogo kuliko kifuniko unachotaka, kwa sababu unene wa plastiki utaongezeka juu yake. Chini yake uache kimo cha ziada, kama nusu sentimita, ili plastiki ishuke wima kabla ya kukunjika. Ukimaliza kuchonga unapaka supaglu kalibu nzima, unaacha ikauke ngumu, unapiga msasa namba 400, unapaka tena, 800, halafu 1000 na maji. Mninga unakuwa kama kigae. Kama bado unahisi mstari kwa ukucha, kioo kitauonyesha.

Plastiki ni chupa ya maji ya lita moja na nusu, ile sehemu nyororo isiyo na mistari. Kata kitako, ingiza kalibu ndani, ishike na kijiti. Halafu joto. Wengine wanatumia jiko la mkaa, lakini jiko linaunguza upande mmoja na mwingine unabaki baridi. Mimi nilienda kwa fundi simu jirani akanipa blowa yake, ile ya kung'olea chipu. Unazungusha hewa ya moto taratibu, chupa inajikunja yenyewe na kuibana kalibu. Ukiona inaanza kuwa nyeupe umezidisha, tupa. Chupa ni bure.

Kukata unatumia wembe mpya, unapita juu ya mstari uleule mara nyingi bila kukandamiza. Fremu za kioo sikuzipaka kwa brashi, mkono wa nani huo usiotetemeka? Nimepaka selotepu njano, ikakauka, nikaikata vipande vyembamba sana kwa rula ya chuma, nikavibandika kimoja kimoja kwa koleo la nyusi.

Kambare_Mweusi

Koleo la nyusi umelipata wapi mkuu 😂

Jiwe_Kirumba

La mama watoto. Nimeshanunua lingine kurudisha amani.

Dada_Saluni_Igoma

Tunawajua nyie. Kitu kikipotea saluni kwangu natafuta kwanza kwa mume.

Jiwe_Kirumba

Picha hizo hapo juu. Kifuniko kimekaa, nimekiacha sehemu ya nyuma imefunguliwa kama mwanafunzi anataka kupanda.

Miguu ya mbele: boksi linataka ikae karibu wima. Nimekata kwenye maungio, nikasogeza tairi mbele milimita 5 hivi, na ndani ya kila mguu nimepitisha kipande cha klipu ya karatasi ili isivunjike ndege ikisimama. Tundu nimetoboa kwa sindano ya moto. Gurudumu la mkia ni kipande cha fremu ya boksi, ile mifupa inayoshika vipande, nimekikata mduara na kukisugua. Uma wake ni bati la kopo la maziwa.

Matokeo yake ni kwamba ndege imebadilika mkao. Ya Uingereza imekaa kama imechoka, hii imeegemea nyuma, miguu mbele. Nshomile njoo uone, si lazima ukubali.

Nshomile_BK

Naona. Na mabawa umeyakunja nyuma kwa makusudi au gundi imevuta? La juu naona linarudi nyuma.

Jiwe_Kirumba

Hiyo ni ndege yenyewe, na ina hadithi yake. Ndege za Moth zilizotangulia hii, chumba cha mbele kilikuwa chini kabisa ya bawa, tangi la mafuta juu ya kichwa, nguzo pande zote. Mwalimu mwenye parachuti mgongoni angetokaje ikitokea shari? Ikabidi sehemu ya katikati ya bawa la juu isogezwe mbele kumfungulia njia. Lakini ukisogeza bawa mbele, mizani ya ndege inaharibika, kwa hiyo mabawa yakarudishwa nyuma kwa kuyalaza. Ukisimama juu yake unaona wazi. Ndiyo maana kwenye kuunganisha nimechora mistari kwenye kadibodi, nikailaza ndege juu yake mpaka gundi ikauke, maana ukikosea pembe kwa nyuzi mbili tu inaonekana ndege nyingine.

Na kabla hamjauliza: bawa la juu halina vile vibao vya nyuma ya bawa vya kuinamishia ndege upande, vipo bawa la chini tu. Sijasahau kuchora.

Ja_Nam_Ksm

Sasa nyaya. Hapo katikati ya mabawa kuna nyaya kibao kwa picha za ndege halisi. Unatumia nini? Mshipi?

Jiwe_Kirumba

Hapo ndipo nilipo, na hapo nimekwama. Kwa asiyejua: kuna nyaya zinazobeba mzigo ndege ikiwa hewani, bawa linapotaka kupanda juu lenyewe, na kuna nyingine zinazoshika mabawa yasilegee chini ndege ikiwa imesimama. Zinapishana zinafanya msalaba. Kwenye ndege halisi si nyaya za mviringo, zimebanwa kidogo zikate upepo.

Nimepita maduka ya vifaa vya uvuvi hapa Kirumba, mshipi mwembamba kuliko wote nikauweka juu ya bawa. Ukizidisha mara 48 unakuwa bomba la maji. Nimejaribu pia kuvuta fremu ya plastiki juu ya mshumaa mpaka iwe uzi. Inapendeza, lakini ukiigusa na kidole imekatika.

Kambare_Mweusi

Chukua timba, ile nyavu ya plastiki iliyopigwa marufuku. Uzi wake mwembamba mno. Ila doria wakikukuta nayo utawaambia ni ya ndege? 😂

Fundi_Rangi_Igogo

Hakimu ataomba akaione hiyo ndege.

Dada_Saluni_Igoma

Kaka mleta uzi, mimi ndege sizijui lakini nyuzi nazijua. Chukua rasta. Nywele moja moja ya rasta, sio fungu. Ni nyembamba, haikatiki ovyo, ipo nyeusi, kijivu, mpaka ya rangi ya fedha. Na raha yake ukiisogelea na moto kwa mbali inajivuta inakaza yenyewe, ndiyo tunavyomalizia ncha za wateja. Ila usiiguse na moto, itayeyuka. Pita dukani nikupe mabaki, huwa tunafagia.

Jiwe_Kirumba

Dada, nimepita, nimechukua, nimejaribu, na nimekuja kusema mbele ya watu: hii ndiyo dawa.

Ya kijivu ndiyo bora, nyeusi inaonekana kama imechorwa kwa kalamu. Nilitoboa vitundu kwenye mabawa kwa ncha ya sindano kabla ya rangi. Unapitisha unywele, unaubana upande mmoja na tone la supaglu lililochukuliwa kwa ncha ya sindano, unauvuta upande wa pili na kubandika. Si lazima uwe umekaza kabisa. Gundi ikishakauka unawasha kijiti cha ubani, unapitisha ncha yake nyekundu chini ya unywele bila kuugusa, na unaona unywele unanyooka kama kamba ya gitaa inavyokazwa. Nilikuwa nashikilia pumzi.

Nshomile, nakuomba uandike kwenye kumbukumbu zako za anga kwamba suluhisho limetoka Igoma.

Nshomile_BK

Nimeandika. Dada, heshima yako.

Dada_Saluni_Igoma

Ahsanteni. Anayetaka kusuka pia anakaribishwa, si ndege tu.

Jiwe_Kirumba

Sasa rangi, na hapa naomba mafundi mnisogelee. Kabla ya kufunga nyaya nilishapiga, lakini nataka kueleza, kwa sababu njano ni rangi yenye kiburi.

Ndege za mafunzo za Kanada zilikuwa njano mwili mzima, ili zionekane kwa mbali angani na hata zikianguka kwenye theluji zitafutwe. Si njano ya limau. Ni njano nzito, inayoelekea kwenye kiini cha yai la kienyeji. Na njano haifuniki. Ukiipiga juu ya kijivu inageuka kijani, ukiipiga juu ya plastiki yenye vipande vya rangi tofauti kila kipande kinajitokeza.

Fundi_Rangi_Igogo

Bosi wangu hapo ndio nyumbani. Njano na nyekundu hata kwenye gari zinatusumbua. Kwanza usilete thina ya gari moja kwa moja kwenye plastiki, inakula, utaona inapasuka nyufa kama ardhi ya kiangazi. Piga praima kwa mbali, vumbi vumbi, ikauke, tena vumbi vumbi. Ukishakuwa na ngozi nyembamba ya praima thina haifiki kwenye plastiki. Pili, chini ya njano weka nyeupe. Sio kijivu. Nyeupe safi, isuguliwe na msasa wa maji. Tatu, njano ipigwe pasi nyepesi nyingi, usitafute kufunika mara moja. Anayetaka kufunika mara moja ndiye anayelia rangi inatiririka.

Jiwe_Kirumba

Ndivyo hasa. Praima nilipata kwenye gereji, nyeupe juu, msasa 1000. Njano nilichanganyiwa duka la rangi za magari: njano, tone la nyekundu, na tone dogo kabisa la nyeusi ili isipige kelele. Nimepuliza kwa bomba dogo la kupulizia linaloendeshwa na kompresa ya fundi friji, ile ya friji bovu iliyofungwa kwenye mtungi.

Muda wa kupiga rangi Mwanza si wa kuchezea. Mchana upepo wa ziwa unapanda na vumbi lote la barabarani. Jioni ukiwasha taa wale wadudu wa ziwani wanakuja wingu zima, na njano mbichi wanaipenda kuliko taa. Bawa la juu walinitua wakati rangi haijakauka. Usiwaguse! Acha rangi ikauke kabisa na wao ndani yake, kisha msasa wa maji unawaondoa mmoja mmoja na unapiga tena sehemu hiyo. Ukiwafuta wakiwa wabichi unachora miguu yao yote sita. Siku hizi napiga alfajiri, upepo umelala na wadudu wamelala.

Ja_Nam_Ksm

Hao wadudu huku Kisumu wanaingia hadi kwa chai. Nakuelewa kabisa.

Jiwe_Kirumba

Alama za pembeni: duara la bluu, nyeupe na nyekundu. Stika za boksi zipo lakini ni za ndege ya Uingereza, vipimo haviendani na picha za Kanada nilizokuwa naangalia. Nimechukua bikari ya kwenye mkebe wa hesabu wa mwanangu, nikaondoa penseli nikafunga kipande cha wembe, nikakata miduara kwenye selotepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Unapuliza nyeupe kwanza, unafunika, bluu, unafunika, nyekundu katikati. Tundu la ncha ya bikari linapotelea chini ya nyekundu. Namba nyeusi za ubavuni nimekata herufi kwa njia hiyo hiyo.

Juu ya yote klia ya kung'aa kidogo, si ya kumeremeta. Ndege halisi imevikwa kitambaa kilichopakwa dopu, yaani vanishi ya kukikaza, na hakimeremeti kama bodaboda mpya.

Nshomile_BK

Picha nimeziona. Nzuri sana, na sisemi hivyo kila siku. Lakini ni safi mno. Hii ni ndege ya wanafunzi. Inatua vibaya kutwa nzima, wanaipanda na viatu vya matope, injini ya Gipsy Major inajulikana kwa kuvuja mafuta. Yako inaonekana imetoka kiwandani jana.

Jiwe_Kirumba

Umesema kweli, na nilikuwa nangoja mtu aseme ili nisionekane naichafua kwa hasira.

Nimeongeza mafuta chini ya tumbo, kuanzia nyuma ya injini mpaka kati ya magurudumu: rangi ya kahawia iliyochanganywa na nyeusi kidogo, nyembamba kama chai, nikaipuliza hewa tupu ikakimbilia nyuma kama inavyokimbizwa na upepo wa propela. Injini imepinduliwa, kwa hiyo vichwa vya silinda viko chini na kila kinachovuja kinashukia tumboni. Kwenye bawa la chini, karibu na mwili, pale wanapokanyaga wakipanda, nimesugua mpaka njano ikafifia. Mabawani sikugusa zaidi. Wengine wanachora mistari myeusi kila ubavu wa bawa mpaka ndege inaonekana imechorwa na mwanafunzi wa shule ya msingi, mimi sipendi. Kitambaa kikivutwa vizuri mbavu zake unaziona kwa mwanga tu.

Kambare_Mweusi

Mkuu bei? Nina mtu wa hoteli anataka kitu cha kuweka mapokezi.

Jiwe_Kirumba

Hii haiuzwi. Boksi tu mpaka linifikie na usafiri wake ni laki na nusu hivi, sembuse kazi. Lakini huyo wa hoteli akileta boksi lake tutaongea, na atalipa rasta za dada Igoma pembeni.

Fundi_Rangi_Igogo

Na ushauri wa rangi?

Jiwe_Kirumba

Na ushauri wa rangi, fundi.

Ja_Nam_Ksm

Sasa Queen Bee ya maboya lini? Usitukimbie.

Jiwe_Kirumba

Hiyo ndiyo inayofuata, na maboya yake nataka kuyachonga kwa ule mti mwepesi wa Fundi. Kwa kioo haukufaa, lakini boya litapakwa puti na rangi kwa hiyo vinyweleo vitafunikwa, na ninataka iwe nyepesi kiasi cha kuelea kweli kwenye beseni. Wavuvi ninaowauliza hapa Kirumba wananiambia siku hizi wananunua maboya ya plastiki, mti wenyewe hawaufuati tena. Mwenye kujua unapoota kuanzia Igombe kwenda juu aniambie ni ufukwe gani, Jumapili nakuja na panga na viatu vya matope.